Mama Hakuwa Fundi

Karatasi ilikuwa imechapwa vizuri, picha ya mama juu, na chini yake kwa herufi nene: FUNDI CHEREHANI MAHIRI NA MLEZI WA WENGI. Fundi aliisoma akiwa amesimama katikati ya duka lake, akairudia, kisha akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Wanaume watatu wa kamati ya mazishi waliokuwa wamekaa kwenye benchi la wateja wakatazamana.

"Tumekosea tarehe?" akauliza Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu ambaye miwani yake ya kusomea ilining'inia kifuani kwa kamba.

"Tarehe ziko sawa. Mtu mliyemwandika humu ndiye simjui."

"Si mama yako?"

"Mama yangu hakuwahi kushona hata kifungo. Kikimdondoka aliniletea mimi, na nikichelewa alikibana na pini siku nzima. Fundi ni mimi. Kesho mnanizika mimi?"

Mjomba, mdogo wake marehemu na aliyebaki peke yake katika tumbo lao, akakohoa. Alikuwa mtu mpole asiyependa makelele, na upole huo ulimfikisha miaka sabini bila kugombana na mtu wala kumtetea mtu. "Mwanangu, hayo ni maneno ya msibani tu. Watu wanamjua kwa hapa dukani, na dukani kazi ni kushona. Sasa tungeandika nini?"

"Alichokuwa anafanya."

Mjumbe wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kukodi viti na turubai, akaanza kuchunguza kucha zake.

"Mbele ya watoto?" akasema Mwenyekiti polepole. "Mbele ya wakwe za watu?"

Alichokuwa anafanya mama kila mtu mtaani alikijua, na hakuna aliyekuwa na adabu ya kukitaja. Kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba kilicho nyuma ya duka hili, alitibu ndoa za watu pale zinapougulia, yaani kitandani. Alianza akiwa muuguzi wa wodi ya wazazi, akawaona wanawake walewale wakirudi na maumivu yaleyale, akawauliza jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kuwauliza: nyumbani mnalalaje, na nani anaamua? Hospitali ikamwita kwenye kikao, ikamtaka achague kati ya maswali yake na kazi yake. Akachagua maswali. Akaenda kusomea nje miezi tisa, akarudi na cheti ambacho binti yake hakuwahi kukubali kitundikwe ukutani.

Shida ilikuwa mlango. Watu waliona haya kuonekana wakiingia kwake, na mtaa ulikuwa umeshampa jina la Mama Shuka, jina ambalo hata watoto wadogo walilijua kabla ya kujua maana yake. Ndipo ukazuka ujanja wa kitambaa. Aliyekuja kutibiwa alikuja na kipande cha kitambaa mkononi, kama anayetaka kushonewa. Kwa kuwa dirisha linatazama barabarani, Fundi alilazimika kumpima kwelikweli, kifua, kiuno, urefu wa mkono, aandike vipimo, kisha aseme kwa sauti ya kusikika nje, "Piteni nyuma mkajaribu." Mke na mume wakapita, mlango ukafungwa. Wakitoka baada ya saa moja, Fundi aliwarudishia kitambaa chao kikiwa hakijaguswa na mkasi. Wiki iliyofuata kitambaa kilekile kikarudi.

Mwenyekiti mwenyewe alikuja na mkewe Jumanne kumi na mbili mfululizo, na kipande kilekile cha suti ya kahawia. Fundi alimpima kiuno mara kumi na mbili. Alikijua kiuno cha mtu yule kuliko namba yake mwenyewe ya simu, na sasa mtu yule alikuwa amekaa kwenye benchi lake, miwani puani, akimweleza kwamba mama alikuwa fundi.

"Nitaiandika upya mwenyewe," akasema Fundi.

"Zimeshatolewa nakala mia tatu," akasema Mjomba kwa huruma, kana kwamba kilichokufa ni karatasi.

*

Wenzake walipotoka kwenda kuhesabu viti, Mwenyekiti alibaki nyuma. Akausukuma mlango wa duka ukafungika nusu.

"Fundi, tuseme kama watu wazima. Kulikuwa na madaftari."

"Yalikuwepo."

"Yako wapi?"

Hilo nalo lilikuwa la mama, hakulitoa kwenye kitabu cha mtu. Kila wawili aliwapa daftari moja la shule. Mke aliandika kurasa za kushoto, mume za kulia, kila mmoja akiandika lile ambalo ulimi umelikataa. Kisha wakabadilishana, wakasoma mbele yake bila kusema neno. Wengine walikaa robo saa wakilia kwa mstari mmoja. Wengine walicheka, na mama alisema wanaocheka hupona haraka. Siku ya mwisho aliwakabidhi daftari lao, akawaambia, "Haya si yangu." Yeye hakuandika hata ukurasa mmoja kuhusu mgonjwa yeyote.

"Kila mtu alipewa lake," akasema Fundi.

"Sisi hatukufika siku ya mwisho. Nilipata uhamisho." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Kwa hiyo letu litakuwa humo ndani."

Fundi akachukua ufunguo, akamwongoza hadi chumba cha nyuma. Viti vitatu, meza, kabati dogo la mbao. Akavuta droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Palikuwa na penseli, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na saa ya mezani iliyosimama.

"Unalificha," akasema Mwenyekiti.

"Tafuta mwenyewe. Chini ya zulia hujaangalia."

Na mtu mzima yule, aliyewahi kuwachapa viboko nusu ya wanaume wa mtaa huu, akainama akainua zulia. Fundi alimtazama kisogo chake na kwa mara ya kwanza akaelewa kisa cha ile karatasi. Mtu huyu hakusahau wala hakukosea. Aliogopa. Kama mama alikuwa fundi, basi na yeye Jumanne zile kumi na mbili alikuja kushonewa suti.

Mwenyekiti akasimama, akajipangusa magoti. "Sikiliza. Wasifu atausoma mjomba wako, na utasomwa kama ulivyo. Ukitaka kuleta maneno yako, hawa unaowaona wakibeba viti watabeba viti vyao waende zao. Utamzika mama yako na nani?"

"Umemaliza?"

"Nakushauri tu."

Alipoondoka Fundi alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, amejaa hasira. Mama alizitunza siri za watu mpaka hakubakiza hata kipande cha karatasi, na sasa watu haohao walikuwa wanatumia ukimya wake kumfuta. Ushahidi wote wa kazi yake ulikuwa midomoni mwao, na midomo walikuwa wameibana.

Ila hasira ya kweli ilikuwa na mahali pengine pa kwenda, na Fundi alijua. Miaka sita nyuma mama alikuja dukani na ubao uliopakwa rangi nyeupe, umeandikwa kazi yake kwa ukamilifu, akataka utundikwe nje. "Nimechoka kuwa siri," alisema. Na Fundi, bila hata kuinua mguu kwenye cherehani, alimjibu, "Mama, utanifukuzia wateja." Mama aliutazama ule ubao, akasema sawa, duka ni lako. Hakurudia tena kuomba. Basi huyo Mwenyekiti alikuwa amechapa tu uongo ambao binti wa marehemu alikuwa anaushona kila siku.

*

Saa nne asubuhi, makaburini, jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Mshereheshaji akamwita Mjomba asome wasifu. Mjomba akasogea mbele na karatasi yake, akajaribu kipaza sauti kwa kidole. Fundi akatoka safu ya kwanza, akamfuata.

"Mjomba, nipe."

"Mwanangu, si hapa."

"Nipe, Mjomba."

Mjomba alitazama umati, akamtazama Mwenyekiti, akamtazama mpwa wake. Kwa kuwa hakuwahi kugombana na mtu, akampa.

"Wote mnanijua," akasema Fundi. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Hapa imeandikwa mama alikuwa fundi cherehani. Ni uongo, na uongo huo nimeusema mimi kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote hapa, kwa sababu nilimwonea haya mzazi wangu. Mama alikuwa tabibu wa mambo ya chumbani. Ndivyo alivyojiita mwenyewe. Aliwafundisha wanaume kuuliza, akawafundisha wanawake kujibu ukweli. Aliwaambia wake za watu kwamba maumivu si wajibu wa mke. Aliwaambia waume kwamba mwili ukigoma si kurogwa, wala si mwisho wa uanaume. Kabla yake hapa kwetu hakuna aliyewaweka mke na mume kwenye viti viwili akawasemesha mambo haya kwa heshima. Walimfukuza kazi kwa ajili hiyo. Mlimwita jina, na mkamjia."

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. Fundi akaongeza kasi.

"Sitamtaja mtu. Yeye hakumtaja mtu, na mimi sitataja. Lakini mmo humu, niliwapima kwa mikono yangu. Naomba kitu kimoja. Aliyesaidiwa na mama yangu asimame alipo. Asiseme neno. Asimame tu."

Akasubiri. Kwa macho yake aliwahesabu watu zaidi ya arobaini aliowajua mabega na viuno. Mmoja akaanza kupangusa kiatu. Mmoja akainama kumfunga mtoto kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Wanandoa waliowahi kutoka chumba kile wameshikana mikono kama wachumba sasa walikuwa wanatazama pande mbili tofauti. Nyuma kabisa mtu akasema "Mama Shuka," si kwa sauti sana, na kicheko kikapita kwenye safu, kikakatwa na kikohozi.

Hakuna aliyesimama.

"Ndugu zangu," akasema Mwenyekiti, kipaza sauti kikiwa kimeshahamia mkononi mwake kwa ustadi wa mtu aliyezoea mikutano, "mnauona wenyewe uchungu wa kufiwa unavyomfanya mtu. Tusimlaumu. Tumhurumie binti yetu."

Watu wakaitikia kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Wanawake wawili wakamshika Fundi mikono, wakamketisha, wa tatu akaanza kumpepea kwa wasifu uleule.

"Pumua, mama, pumua."

"Napumua."

"Hajala tangu juzi huyu."

"Nimekula."

"Mpeni maji yenye sukari."

Pale makaburini yeye peke yake ndiye aliyekuwa amesema la akili, na yeye ndiye aliyekuwa anapepewa. Mjomba akasoma karatasi yake mwanzo hadi mwisho, na mama akateremshwa ardhini akiwa fundi cherehani mahiri.

*

Saa saba waombolezaji walikuwa wamerudi chini ya turubai mbele ya duka, wanakula. Fundi alijifungia chumba cha nyuma kwa sababu hakutaka kumwona mtu. Hapo ndipo wakaanza kuja.

Wa kwanza aligonga mlango wa uani, fundi bomba wa mtaa wa pili. Hakukaa. "Mama yako aliiokoa nyumba yangu," akanong'ona. "Pale nisingeweza kusimama, unajua, mkwe wangu alikuwa nyuma yangu." Akatoka kama alivyoingia. Baada yake wakaja mume na mke, wakapeana zamu ya kunong'ona. Akaja mwanamke aliyekuwa akimpepea asubuhi, mwenyewe kabisa, akamkumbatia akalia begani mwake. "Ningekufa na siri yangu kama si yeye," akasema. Akafuata mwanamume mmoja ambaye hakusema lolote, alimshika tu mkono kwa nguvu, akakimbia. Kila mmoja alipita uani, kila mmoja alitazama kushoto na kulia kabla ya kutoka. Fundi aliwaitikia wote kwa kichwa.

Wa mwisho alikuwa mke wa Mwenyekiti. Alifunga mlango kwa uangalifu, akakaa kwenye kiti chake cha zamani bila kukaribishwa, akafungua mkoba, akatoa daftari la shule lililochakaa pembe.

"Mume wangu anadhani unalo wewe. Ninalo mimi. Nililifuata peke yangu wiki ile tuliyohama."

"Mbona hukumwambia? Jana kanifunulia zulia."

"Angelichoma." Akapitisha kiganja juu ya jalada. "Kurasa zake humu ndizo barua pekee alizowahi kuniandikia maishani. Nimezificha chini ya nguo za wajukuu."

Yule mama akalirudisha daftari mkobani, akamshika goti.

"Nimekuja kukushukuru, mwanangu. Kwa ajili ya mama yako."

"Kwa sauti ya chini."

"Unasemaje?"

"Unanishukuru kwa sauti ya chini. Asubuhi niliomba msimame tu, nikasema asiseme mtu neno. Ulikuwa safu ya pili, na gauni hili nililolishona mimi. Nilikutazama."

"Mume wangu alikuwa pembeni yangu, mwanangu."

"Na mama yangu alikuwa mbele yako, ndani ya sanduku."

Yule mama akaondoa mkono wake gotini. "Sasa ulitaka nifanye nini? Ameshazikwa."

"Amezikwa kwa kazi isiyo yake." Fundi akasimama. "Wewe ni mtu wa sita kupita uani leo. Wote mna shukrani, nzuri kabisa, zinaliza. Sizitaki. Nimekaa mlangoni miaka yote hii nikiwafichia, nikamficha na yeye. Basi."

Akafungua mlango wa kuingilia dukani, akapita katikati ya cherehani mbili, akafungua mlango wa mbele mabawa yote mawili. Mwanga wa mchana ukaingia mpaka kwenye meza ya kukatia. Nje watu kama sitini walikuwa kwenye viti, sahani mapajani, na wale wa karibu wakageuka.

"Shukrani yako isemee hapa," akasema Fundi. "Kama huwezi, nenda nayo nyumbani, na usinipe pole tena."

Mke wa Mwenyekiti alitokea mlangoni, mkoba ameubana kwapani. Ilionekana wazi kwamba alitaka kupita tu, ashuke ngazi, akatafute kiti. Mumewe alimwona, akaweka sahani chini, akainuka upesi.

"Mama watoto, twende nyumbani. Umechoka."

"Ngoja kwanza."

"Twende, nimesema."

"Na mimi nimesema ngoja." Alishangaa mwenyewe kujisikia. Akaishika nguzo ya mlango. Maneno yalitoka madogo, ikabidi watu wanyamaze ili wayapate. "Miaka kumi na moja niliumia nikidhani ndiyo kuolewa. Marehemu aliniambia siyo. Akamwambia na mume wangu, na mume wangu akasikia. Kwa hilo namheshimu mume wangu mpaka leo." Akameza mate. "Yule mama hakuwa fundi. Na ninyi mnajua hakuwa fundi."

Mwenyekiti alibaki wima, uso umemshuka, akimtazama mkewe kama anayemtafuta mtu aliyewahi kumjua. Kisha akakaa. Sahani yake hakuiokota.

Mjomba alijitokeza kutoka kwenye kivuli cha turubai. "Jamani, yatosha. Tusiharibu msiba."

"Mjomba, kaa," akasema Fundi, na Mjomba akakaa.

Alidhani angefurahi. Hakufurahi hata kidogo. Maneno yale matatu manne yalitakiwa kusemwa mama akiwa hai, ameketi kwenye kiti chake na pini kifuani badala ya kifungo, na yeye binti yake ndiye aliyetakiwa kuyasema wa kwanza. Hakuna mtu chini ya turubai lile ambaye angeweza kumlipa hilo, naye hakuwa tayari kumsamehe yeyote, akianza na yeye mwenyewe. Lakini watu walikuwa wengi, na jua lilikuwa bado juu.

Akaliburuta benchi la wateja kutoka ndani mpaka kizingitini, miguu yake ikikwaruza sakafu, akaketi akiwatazama kiti kwa kiti.

"Nani mwingine?" akauliza.